Kigari cha mtoto mikononi mwa baba

Ukikaa kwenye bustani yoyote ya Stockholm siku ya kazi, mnamo saa nne asubuhi, utawaona wanaume wengi wakisukuma vigari vya watoto. Wengine wako peke yao, wengine wawili wawili na vikombe vya kahawa mkononi. Si sikukuu, wala hawajaachishwa kazi. Wako kwenye likizo ya uzazi. Wenyeji wamewazoea kiasi cha kuwapa jina la utani, "baba wa latte", kwa jinsi wanavyojaa kwenye migahawa ya kahawa na watoto wao mapajani.

Aliyelelewa Dar es Salaam au Mombasa, ambako mtoto hubebwa kwa mbeleko na anayembeba ni mama, dada au bibi, akiwatazama vizuri ataona kwamba baba na mama hawakisukumi kigari kwa namna moja. Baba huenda kwa hatua ndefu, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine mfukoni. Akikuta ngazi hahangaiki kutafuta lifti: anakinyanyua kigari kizima, mtoto akiwa humo humo. Ukingo wa barabara anaupanda kwa kishindo, na mtoto mara nyingi hucheka. Mama huenda taratibu. Anasimama, anachungulia, anaweka blanketi sawa, anavuta kivuli cha kigari jua lisimpige mtoto usoni. Lifti ya kila kituo anajua iko upande gani, na duka lipi lina mlango mpana. Kikapu cha chini kina nepi, chupa, nguo za akiba na kitambaa cha kufutia mate. Kikijaa, mifuko ya sokoni inatundikwa kwenye mpini. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mtoto akitolewa uzito wote hubaki nyuma na kigari hubinuka. Mtoto akiwa mwepesi kinaweza kubinuka hata yeye akiwa ndani. Watengenezaji huonya juu ya jambo hili, lakini mwenye mikono miwili na mizigo mitano atafanyaje?

Watu wengi wakiulizwa tofauti hizi zinatoka wapi hujibu upesi: ndivyo tulivyoumbwa. Mimi sikubaliani nao.

Sehemu ya jibu imo kwenye kifaa chenyewe. Mwaka 1965 Owen Maclaren, mhandisi wa Uingereza ambaye kabla ya hapo alishughulikia magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire, alibuni kigari cha alumini kinachokunjwa kama mwavuli, chenye uzito usiofika kilo 3. Wakati huo alikuwa babu, na alikuwa amemwona binti yake akitaabika safarini na kigari kizito. Kigari hicho kipya kiliwapunguzia akina mama wengi mateso ya kupanda mabasi na ngazi. Lakini kilikuwa na vishikio viwili vilivyoachana, kila mkono na chake, na vilikuwa vifupi. Mwanamume mrefu alilazimika kuinama, huku ncha za viatu vyake zikigonga magurudumu ya nyuma. Hakuna aliyemfikiria yeye. Baadaye wabunifu walimkumbuka: miaka ya 1980 Mmarekani Phil Baechler, mwandishi wa habari aliyependa kukimbia, alikifunga kigari magurudumu ya baiskeli ili akimbie na mwanawe, na mwaka 1999 kampuni ya Uholanzi iitwayo Bugaboo ikaingiza sokoni kigari ambacho mpini wake hurefushwa na kufupishwa. Leo mume na mke wakienda dukani pamoja, si ajabu kumwona baba amechuchumaa akikagua magurudumu na springi, na mama akikikunja na kukikunjua kuona kama ataweza kwa mkono mmoja. Mkono wake mwingine utakuwa na mtoto, na hilo analijua tangu hapo dukani.

Sehemu iliyo kubwa zaidi ni siku ambazo mzazi amekaa na mtoto. Mwaka 1974 Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuigeuza likizo ya mama kuwa likizo ya wazazi wote wawili, miezi 6 wagawane wapendavyo. Akina baba hawakuigusa. Mwanzoni walichukua chini ya asilimia 1 ya siku zote. Serikali ikajaribu kuwashawishi. Mwaka 1978 ilitoa bango la Lennart Dahlgren, mnyanyua vyuma mashuhuri, pande la mtu mwenye misuli iliyotuna, amempakata mtoto mchanga. Bango lilipata sifa kubwa, lakini lenyewe halikuwatoa wanaume kazini kwa wingi. Kilichowatoa ni sheria. Mwaka 1995 ulitengwa mwezi mmoja kwa kila mzazi, na asiyeutumia anaupoteza, hawezi kumwachia mwenzake. Mwaka 2002 ukaongezwa wa pili, na tangu 2016 kila mzazi ana siku zake 90 kati ya 480 za mtoto mmoja. Siku hizi akina baba huchukua takriban asilimia 30 ya siku zote.

Na hapo ndipo mikono inapobadilika. Baba aliyekaa wiki kadhaa peke yake na mtoto, mama akiwa kazini, anaijua lifti iko wapi. Kikapu chake kimejaa. Mwendo wake umepungua, kwa sababu amejifunza ni kishindo gani humwamsha mtoto na kipi humbembeleza. Mtazame sasa baba anayetoka na familia Jumapili tu: yeye anasukuma, mama anatembea ubavuni, na mtoto akilia kigari kinasimama, baba anamgeukia mama. Ameshika mpini, lakini kujua nepi ziko wapi, mtoto alikula saa ngapi na kwa nini analia kumebaki kwa mwenzake. Tofauti ninayoihofia mimi ni hii. Mwendo na ngazi ni mambo madogo, tena mtoto hufaidi akipata utulivu wa mmoja na msisimko wa mwingine.

Kinachomfaidisha zaidi ni mazungumzo. Mwaka 2008 Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskochi, alitoa utafiti uliotazama zaidi ya wazazi 2,700 na watoto wao barabarani. Watoto walioketi wakimwelekea anayesukuma walisemeshwa zaidi ya mara mbili kuliko waliogeuziwa mgongo. Mtoto wa mbeleko husikia sauti ya mama kupitia mgongo wake, na huo ni utajiri ambao kigari hakina.

Kwetu kigari hakina pa kupita: mchanga, mitaro iliyo wazi, bodaboda juu ya njia ya waenda kwa miguu. Kinatolewa mwisho wa wiki, kwenye maduka makubwa kama Mlimani City, na baba anayekisukuma humiminiwa sifa. Mama aliyembeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani hapewi hata moja. Inaniuma, lakini lawama zote simpi baba huyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama wa Tanzania siku 84 na baba siku 3, tena zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kitovu huchukua wiki moja hadi mbili kukatika. Kufikia hapo baba amekwisha rudi kazini. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, ilimpa wiki 2. Machinga na dereva wa bodaboda hawana hata siku moja ya malipo.

Ningekuwa mbunge, ningeanza kwa kudai mwezi mmoja wa baba peke yake, usioweza kuhamishwa, utumike mama akiwa amekwisha rudi kazini, ili mtoto akilia baba asiwe na wa kumgeukia.