Sarkoma Inapokatwa Kabla ya Kutambuliwa

Sarkoma ya tishu laini ni saratani inayoota katika misuli, mafuta, mishipa au nyuzi za mwili, na kwa kuwa ni nadra mno ikilinganishwa na uvimbe wa mafuta usio na madhara, daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nayo. Kinachomponza ni umbo lake, kwani inapokua hubana tishu jirani hadi zikafanya ganda, naye hulifuata ganda hilo kwa kidole na kulitoa donge zima kama kokwa ya embe bivu, akashona akiwa ameridhika. Ganda hilo ni la uongo: seli za saratani zimekwisha kulipenya na kuingia kwenye misuli. Tafiti mbalimbali za wagonjwa waliopasuliwa tena zimekuta mabaki ya saratani kwa robo hadi robo tatu yao, hata pale kidonda kilipokuwa kimepona vizuri. Damu iliyovilia nayo husambaza seli, na mshono uliokingama mguu badala ya kufuata urefu wake humlazimisha mpasuaji wa pili kuondoa ngozi pana zaidi.

Kwa mkazi wa Mbulu au Hanang nchini Tanzania, hata mwenye Hospitali ya Kilutheri ya Haydom karibu, kosa hilo hurefusha safari. Donge lisipowekwa kwenye formalini na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, hakuna atakayejua lilikuwa nini mpaka lirudi; na likijulikana, tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road iko zaidi ya kilomita 600, jijini Dar es Salaam, ambako matibabu huchukua wiki kadhaa na mgonjwa huhitaji pa kulala.

Hata hivyo, kosa la kwanza si hukumu ya kifo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1982, wenye wagonjwa 43, ulionyesha kuwa waliookolewa kiungo kwa upasuaji na mionzi waliishi takriban sawa na waliokatwa kiungo, na wengi wanaopasuliwa upya ipasavyo hupona, ingawa hupoteza nyama nyingi zaidi. Faraja hiyo, bila shaka, ni ya anayeifikia mionzi. Ndiyo maana uvimbe unaozidi sentimita 5, unaokua, au uliojificha chini ya utando wa misuli, huchukuliwa kinyama kwa sindano kabla ya kisu. Na uliokwisha kukatwa husafiri na barua ya rufaa inayoeleza ukubwa wake, kina chake na mahali mpira wa kutolea damu ulipopita.