Khofu Tunazowarithisha Watoto

Mtoto aliyezaliwa Garsen baada ya vita vya mwaka 2012 hakuona nyumba ikiungua. Hata hivyo, huenda akasikia jina la kabila jingine likitajwa na moyo ukamdunda. Khofu hiyo ameipata wapi?

Tarehe 22 Agosti mwaka ule, kijijini Riketa, waliuawa watu wapatao 50, wengi wao wanawake na watoto. Ugomvi wa Wapokomo na Waorma ulihusu ardhi, malisho na malka, zile njia za mifugo kufikia mtoni. Visasi viliendelea hadi mwaka uliofuata. Mapigano yalikoma, yaliyoingia nafsini yakabaki.

Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, alieleza kwamba binadamu ana sehemu ya nafsi asiyoitambua mwenyewe. Humo yaliyozuiwa yasisemwe huendelea kuishi, yakajitokeza katika ndoto na ulimi unapoteleza. Erich Fromm, aliyekuja baada yake, akaongeza kuwa jamii nayo huamua ni yapi wanawe wayaone na yapi wayafumbie macho. Nasi twajua: kabla ya maneno, mtoto hufunzwa na sauti inayoshushwa jirani anapopita, na mkono wa mama unaomvuta haraka sokoni.

Jeraha lililotiwa na jamii halitibiki nje ya jamii. Mwaka 1953 Frantz Fanon, tabibu kutoka Martinique, alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida, Algeria. Filamu na sherehe za Kizungu ziliwafaa wanawake wa Kizungu. Wanaume wa Kiislamu hazikuwagusa. Fanon akatambua kuwa kasoro ilikuwa ya tiba, si ya wagonjwa. Ukafunguliwa mkahawa wa kienyeji, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, na msimulizi wa hadithi akaalikwa.

Basi kina mama na kina baba, dawa imo mikononi mwetu. Tusiwafiche watoto yaliyotokea. Tuwasimulie kwa uadilifu, tukiwataja waliouawa wa pande zote mbili. Sahani ya Idd na ivuke hadi kwa jirani wa kabila jingine, na mtoto ndiye aipeleke.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, kisha wazazi ndio humwelekeza. Na Sura al-Hujurat yatukumbusha kuwa tuliumbwa mataifa na makabila ili tujuane. Mwenyezi Mungu azisafishe nafsi zetu. Amin.