Mteremko Kwanza, Mmea Baadaye

Mwaka 1593 Mfalme Henri IV wa Ufaransa alimwagiza daktari Pierre Richer de Belleval aanzishe bustani ya mimea ya dawa mjini Montpellier, ili wanafunzi wa udaktari waijue dawa ingali na mizizi yake. Belleval hakuridhika na uwanja tambarare. Aliagiza udongo urundikwe ukawa kilima kirefu chenye ngazi, upande mmoja ukielekea kusini na mwingine kaskazini, kila mmea upate jua au kivuli kinachoufaa. Bustani hiyo ipo hadi leo, na ndiyo kongwe zaidi ya aina yake nchini Ufaransa. Daktari huyo alitengeneza mteremko kwanza, mmea baadaye. Na anayelima mimea yenye harufu katika vilima vya Mediterania hana budi kufuata utaratibu huohuo.

Katika nchi za Mediterania mvua hunyesha majira ya vuli na ya baridi, kisha kiangazi huingia na jua kali pasipo tone la maji. Rozimeri, lavenda, seji na thaimu zimezoea hali hiyo. Majani yake ni membamba, au yamejikunja kingo, au yamefunikwa na vinywele vyeupe, yote hayo kuzuia maji yasipotee. Juu ya jani kuna vifuko vidogo mno vya mafuta. Ukiliminya, hupasuka na harufu ikasambaa. Mmea hautengenezi mafuta hayo kwa ajili ya pua zetu. Humkinaisha mbuzi, hufukuza baadhi ya wadudu na hupambana na ukungu. Sehemu kubwa ya dawa tunayoitafuta imo humo.

Ndiyo maana samadi nyingi na maji ya kila jioni ni hasara. Mmea hurefuka, majani huwa mapana na laini, harufu hupungua, na baridi ikija huukuta dhaifu.

Hata hivyo, adui mkubwa si ukame wala umaskini wa udongo. Ni maji yaliyotuama. Milima iliyo kaskazini mwa Montpellier hupigwa na dhoruba za vuli zinazoweza kumwaga zaidi ya milimita 200 kwa siku moja. Kwenye tambarare maji hayo hubaki mizizini, hewa ikakosekana na mizizi ikaoza. Kwenye mteremko huenda zake, lakini huondoka na udongo. Dawa yake ni matuta ya ngazi yanayoshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Maji hupenya kati ya mawe, udongo ukabaki, na ukuta hausukumwi ukaanguka. Mchana mawe hayo hupata joto, usiku huliachilia taratibu kwa mimea iliyo jirani. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ufundi huu wa nchi nane za Ulaya, zikiwemo Ufaransa, Ugiriki na Kroatia, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Mteremko huamua pia aina ya dawa utakayovuna. Mfano bora ni thaimu ya bonde la Saint-Martin-de-Londres, karibu na Montpellier. Usiku wa baridi, hewa nzito huteremka kutoka vilimani na kujikusanya bondeni, kama uji unavyotulia chini ya bakuli. Watafiti walipochunguza eneo hilo miaka ya 1970 waligundua kwamba thaimu ya vilimani ilikuwa na thimoli au kavakroli, kemikali kali zinazouchoma ulimi. Ya bondeni ilikuwa na mafuta mepesi zaidi, kama linaloli. Yenye mafuta makali huhimili vyema kiangazi, lakini jalidi ya mapema huiua. Yenye mafuta mepesi huistahimili. Zaidi ya miongo mitatu baadaye watafiti walirudi wakakuta thaimu yenye mafuta makali imeanza kuota mahali ambapo zamani haikuwepo, kwa kuwa baridi ya kuua ilikuwa imepungua.

Mkulima apate funzo hapa. Mimea miwili inayofanana kwa macho yaweza kutoa mafuta yenye nguvu tofauti kabisa. Ukiotesha mbegu, hujui utapata ipi. Anayetaka mafuta ya aina moja huchukua vipandikizi kutoka kwa mmea mama anaoujua.

Kazi zenyewe si nyingi. Miche hupandwa mwezi Oktoba, mvua zinapoanza, ili mizizi izame kabla ya kiangazi. Kiangazi cha kwanza humwagiliwa mara chache lakini kwa wingi, baadaye huachwa. Juu ya udongo hutandazwa changarawe, kwa sababu majani makavu hushika unyevu shinani. Lavenda hupogolewa baada ya maua, bila kukata mti wa zamani usio na majani, maana ni nadra kuchipua tena. Thaimu huvunwa maua yanapoanza kufunguka, asubuhi umande ukishakauka, kisha hukaushwa kivulini penye hewa.

Kuhusu matumizi, Shirika la Dawa la Ulaya linakubali thaimu kwa kikohozi chenye makohozi na seji kwa kusukutua koo, kwa msingi wa mapokeo ya muda mrefu. Chai na mafuta yaliyokenekwa ni vitu viwili tofauti. Tone la mafuta hubeba nguvu ya majani mengi; halinywewi kiholela. Seji ina tuyoni, ambayo ikizidi hudhuru mishipa ya fahamu, hivyo wajawazito waiepuke kama dawa.

Kwa msomaji wa Njombe, Lushoto au Limuru anayepanda rozimeri: kwetu mvua na joto huja pamoja, kinyume cha kule, kwa hiyo hatari ya kuoza ni kubwa zaidi. Inua tuta, changanya mchanga mkavu wa chembe kubwa, chagua mahali penye jua kutwa, na samadi ipeleke kwenye mahindi. Ukiona mmea unanyauka ilhali udongo umelowa, usiongeze maji.