KUTENGENEZA NA KUONGEZA NYUMBA YA KARIBU NA BAHARI

Hapa Mabawa, na pande zote za pwani ya Tanga hata Pangani, watu wengi wamerithi nyumba za wazee wao. Nyumba hizo ni za namna mbili. Za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zachukuliwa na boriti za mikoko. Nyingine zilijengwa katika miaka ya 1950, wakati mkonge ulipoiletea Tanga fedha nyingi, nazo ni za saruji na chuma. Sasa jamaa wameongezeka, vyumba havitoshi, na wenye nyumba wataka kuzitengeneza na kuziongeza. Ni jambo jema, lakini lataka maarifa, kwa maana nyumba iliyoguswa vibaya yaweza kuua.

Tutazame Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 zamani za Sultani Barghash. Tarehe 25 Desemba 2020, katika siku za kutengenezwa kwake, sehemu yake ilianguka na watu wawili wakafa. Ikiwa jengo kubwa la serikali laweza kupatwa na hayo, seuze nyumba zetu.

Adui wa kwanza ni maji yenye chumvi. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka chini, na chokaa huyaacha yatoke polepole. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hufungwa ndani. Chumvi hugeuka chembe, ikavunja mawe na kuibandua lipu. Basi ukuta wa chokaa na utengenezwe kwa chokaa.

Adui wa nyumba ya saruji ni kutu. Chumvi hupenya zege hata ikafika kwenye nondo. Chuma kikishika kutu huvimba, na zege hupasuka. Kuziba ufa kwa juu tu ni sawa na kufunga kidonda chenye usaha. Fundi hana budi kulibomoa zege lililoharibika, kuisugua nondo hata kutu yote itoke, na kuongeza nondo mpya palipoliwa, ndipo azibe. Wala asitumie mchanga wa ufukoni au maji ya bahari.

Sasa habari ya kuongeza. Upana wa vyumba vya kale ulifuata urefu wa boriti, yaani mita 3 hivi au pungufu. Kwa hiyo ukuta wa kati si wa kutenga vyumba tu, bali ndio uichukuao dari. Asiuguse mtu kabla ya kuitegemeza dari kwa nguzo imara, na boriti mbovu zibadilishwe moja moja. Chumba kipya kiwe na msingi wake, na iachwe nafasi ndogo kati yake na ukuta wa zamani. Maana msingi mpya hushuka kidogo, na ule wa zamani umekwisha tulia. Vikishikamanishwa, ufa hautakosa kutokea. Na ghorofa isipandishwe juu ya kuta za zamani mpaka mhandisi azipime.

Tena yatupasa kuijua sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mwenye nyumba iliyo karibu na maji na aende kwanza kwa halmashauri kuuliza na kupata kibali cha ujenzi, asije akabomolewa alichokijenga kwa fedha zake. Mikoko nayo haikatwi pasipo ruhusa ya wenye kusimamia misitu.

Mwenye fedha kidogo na aanze na paa, kisha mifereji ya kuyaondoa maji ya mvua kwenye msingi, kisha kuta. Chumba kipya kiwe cha mwisho. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa leo gharama yake si ndogo.