Faragha na Stara katika Mitandao ya Kijamii

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha. Neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, ladokeza utupu: mtu hujitenga. Lakini katika kikundi cha WhatsApp hakuna pa kujitenga. Wakwe na majirani wamo, na ujumbe uliofutwa huenda umekwisha kupigwa picha. Basi msemaji huficha maana, si maneno. Hali hii, kwa maoni yangu, yastahili kuitwa stara. Hunena kwa fumbo, kama lilivyo jina la kanga, au hubadili lugha. Huko Ainabkoi, wanakokutana wasemaji wa Kikalenjin na Kikuyu, stara ya namna ya pili ina hatari. Tangu machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, asiyeielewa lugha ya jirani aweza kudhani anapangiwa njama, kumbe wenziwe wanazungumzia posa tu.