Safari ya Hewa Katika Nyumba ya Baridi

Paukwa? Pakawa! Leo, wanangu, nawasimulia habari za Hewa, mkazi wa nyumba moja mjini Minneapolis, kaskazini mwa Marekani. Huko Januari maziwa huganda mpaka magari yakapita juu yake, na usiku wa baridi kali kipimajoto hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, hata zaidi.

Katika chumba cha chini kabisa, kilichochimbwa ardhini, limesimama tanuru la kupasha nyumba joto. Ndani yake gesi huwaka katika kasha la chuma lililofungwa, na moshi hutolewa nje kwa bomba lake. Feni humvuta Hewa kutoka vyumbani, ikamsukuma apite pembeni mwa chuma hicho cha moto. Akishapata joto hupanda kwa mifereji ya bati hadi jikoni, sebuleni na chumba cha watoto. Akipoa hushuka kuanza upya, usiku na mchana.

Lakini Hewa harudi mikono mitupu. Hubeba vumbi la zulia, manyoya ya paka, nyuzi za blanketi. Ndiyo maana kabla ya kufika kwenye feni hupitishwa kwenye chujio, kitambaa kilichokunjwakunjwa ndani ya fremu ya karatasi ngumu. Wengi hudhani liliwekwa kwa ajili ya mapafu yetu tu. Kazi yake ya kwanza ni kuilinda feni na tanuru lenyewe. Sisi tunafaidi pia, hasa likiwa zuri.

Sasa sikilizeni kinachotokea likisahaulika. Vumbi hujaa, Hewa akakosa njia. Jaribuni kukimbia mkiwa mmejifunga puani na mdomoni kanga iliyokunjwa mara nne: ndivyo feni inavyohangaika. Chuma nacho hakina wa kukipunguzia moto, kinazidi kuchemka, na swichi ya usalama inazima gesi. Kikipoa, moto unawaka. Baada ya muda mfupi unazimwa tena. Tanuru linaungua kwa joto, na watoto huko juu wanatetemeka! Mama anamwita fundi na kumlipa fedha nyingi, kumbe kilichotakiwa ni chujio la dola chache. Tena chuma kinachochemka hivyo kila mara huweza kupasuka, na moshi wenye sumu ukapata upenyo wa kuingia vyumbani. Hilo si la kufanyia mchezo.

Libadilishwe lini? Chujio jembamba la sentimita 2.5 hudumu mwezi 1 hadi 3. Nene la sentimita 10 huweza kufika miezi 6 hata 12. Ila kalenda haioni vumbi. Nyumba yenye paka au mbwa, au inayokarabatiwa, hulichafua upesi. Juni 2023 moshi wa misitu iliyoungua Kanada ulifika hadi New York, anga likawa rangi ya chungwa; siku kama hizo chujio huchakaa mapema. Basi mimi nasema litazameni kila mwezi. Limulikeni kwenye taa: mwanga usipopenya, limekwisha.

Kwenye fremu kuna kipimo kiitwacho MERV. Namba 8 hunasa vumbi la kawaida. 13 hunasa hata sehemu kubwa ya chembe za moshi. Msikimbilie namba kubwa, kwani hewa hupita humo kwa shida zaidi, na tanuru la zamani huweza kulemewa. Fundi aulizwe kwanza.

Nanyi watoto mnaoishi huko, mara nyingi ndio mnaowasomea wazazi maandishi ya Kiingereza. Mwambieni baba au mama azime tanuru kabla ya kulichomoa chujio. Msomeeni vipimo vilivyo kwenye fremu ya zamani, anunue saizi ileile. Utafuteni mshale uliochorwa pembeni, uelekee upande wa feni. Kisha andikeni tarehe ya siku hiyo kwenye fremu, kwa kalamu isiyofutika.