Vitabu Viwili kwa Likizo Moja

Likizo ndefu ikifika, wazazi wengi humwambia mtoto asome historia, kisha humwachia kitabu kile kile cha darasani. Mimi, ndugu msomaji, mwanangu wa miaka 13 nimemchagulia viwili, na nataka avisome kwa pamoja.

Cha kwanza ni maisha ya Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Humo mna misafara, pembe za ndovu na vita vya bara hadi Kongo. Cha pili ni "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934. Hicho chasimulia habari za waliotekwa, wakaokolewa na manowari za Waingereza, wakawekwa Frere Town, hapa Mombasa.

Wako watakaosema habari za utumwa zatutia aibu sisi watu wa pwani, afadhali tuzifunike. La hasha! Tukizifunika, mtoto atafunuliwa na wengine, kwa namna waipendayo wao.

Walakini, Mbotela awasifu mno Waingereza, na Tippu Tip asimulia zaidi ushindi wake na mali yake. Ndiyo maana nasema viwili. Mtoto akimaliza, muulizeni: "Huyu amesema nini ambacho yule amekinyamazia?"

Hata kadhi hakati shauri kabla ya kuwasikiliza wote wawili.